Chai, kahawa na hesabu ya maji ya siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu

Joto la kaskazi likishika, swali la maji hurudi barazani na jikoni: mtu anywe kiasi gani, na je, chai inaingia katika hesabu? Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo watu wa mjini, Shela, Matondoni na ng'ambo ya Mokowe huuliza zaidi. Mengi yanamhusu mtu mzima mwenye afya. Mjamzito, mtoto, mzee na mgonjwa wa figo au moyo wana maswali yao huko chini, na ningeomba yasirukwe.

Je, chai nayo ni maji, au lazima ninywe maji kando?

Ni maji. Chai ya mkandaa, yaani chai isiyo na maziwa, ikiwa haikutiwa sukari ni maji kwa zaidi ya asilimia 99, na chai ya maziwa haiko mbali na hapo. Yakishafika tumboni, utumbo huyafyonza yale yale, yawe yametoka mtungini au kwenye birika.

Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Wanaume 21 walikunywa vikombe vikubwa vinne au sita vya chai kwa muda wa saa 12, na siku nyingine wakanywa kiasi kile kile cha maji yaliyochemshwa. Damu na mkojo wao vilipopimwa, hapakuonekana tofauti ya maana kati ya siku ya chai na siku ya maji.

Lakini nikinywa chai huenda haja ndogo mara kwa mara. Si inanikausha hiyo?

Chai ina kafeini, na kafeini nyingi kwa mpigo humfanya mtu akojoe zaidi. Kiwango kinachoanza kuonyesha jambo hilo ni miligramu 250 hadi 300 kwa mara moja, tena zaidi kwa mtu asiyeizoea. Kikombe cha chai kina miligramu 40 au 50 hivi. Mtu anayekunywa chai kila siku tangu utotoni, kama tulivyo wengi hapa, mwili wake umeshaizoea, na maji yanayobaki mwilini baada ya kikombe ni mengi kuliko yale yanayotoka kwa sababu ya kafeini.

Sababu ya kwanza ya kwenda msalani ni kwamba umekunywa. Jaza kikombe hicho hicho maji matupu, utakwenda vile vile. Imani kwamba kafeini hukausha mwili hutajwa kuwa imeanzia kwenye utafiti wa mwaka 1928 uliofanywa kwa watu watatu tu, nao walikuwa wameachishwa kafeini kwanza.

Na kahawa chungu?

Nayo imo katika hesabu. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Birmingham kilichapisha matokeo ya wanaume 50 waliozoea kahawa. Walikunywa vikombe vinne vya mililita 200 kila siku kwa siku tatu, kisha siku tatu nyingine wakanywa maji badala yake. Maji yaliyokuwamo mwilini mwao hayakupungua upande wa kahawa.

Kwa hapa kwetu tatizo la kahawa ni udogo wa kikombe. Kijikombe cha muuza kahawa mwenye dele lake, lile buli la kahawa, huingiza mililita 50 au 60. Mzee akikaa uwanjani Mkunguni, mjini Lamu, tangu alasiri hadi magharibi akanywa vitano, atasema amekunywa sana, na kwa kweli amekunywa kama gilasi moja na kidogo. Asidhani amemaliza maji yake ya siku.

Jambo jingine ni moto wake. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Umio ni ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kosa si la kahawa wala chai, ni la moto. Kahawa inayokaa juu ya makaa mpaka inamiminwa ni ya moto mno, basi iache ipoe kidogo. Tafadhali lizingatie hili, maana saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua watu wengi Kenya.

Basi ninywe kiasi gani kwa siku?

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2010 kwamba mwanamke anahitaji lita 2 na mwanamume lita 2.5 kwa siku. Taasisi ya tiba ya Marekani ilikuwa imetaja kubwa zaidi mwaka 2004: lita 2.7 kwa mwanamke na 3.7 kwa mwanamume. Takwimu hizi huwashtua watu kwa sababu husomwa nusu. Zote mbili ni za maji kutoka kila kitu: maji matupu, chai, uji, maziwa, matunda na chakula cha sahani. Ukiondoa yanayotoka kwenye chakula, mwanamke anabakiwa na lita moja na nusu hivi ya kunywa kwa hesabu ya Ulaya, na mwanamume lita mbili.

Hesabu hizo ni za hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani. Mkata mawe wa Manda Maweni anayefanya kazi juani anaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja. Mpagazi, fundi wa jahazi na mvuvi aliyeshinda baharini ni vivyo hivyo. Hao wasingoje chai ya saa nne. Waende na maji, wanywe kidogo kidogo kazi ikiendelea, na chakula chao kisikose chumvi kidogo maana jasho huondoka nayo.

Ile ya gilasi nane kwa siku ilitoka wapi?

Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba lita 2.5 kwa siku zinamfaa mtu mzima, na palepale ikaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo katika chakula. Watu wengi wanaamini kwamba lile la kwanza ndilo lililoshikwa, na la pili likaachwa. Mwaka 2002 Heinz Valtin, bingwa wa elimu ya figo huko Marekani, alipekua maandishi ya kisayansi akitafuta ushahidi wa gilasi nane za maji matupu, asiupate. Kama gilasi nane zinakufaa, endelea. Kama unakunywa tano pamoja na chai, uji na mchuzi, na mkojo wako ni mweupe, huna deni.

Chakula kina maji kiasi gani?

Kingi kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya tano ya maji ya siku, au zaidi, hutoka kwenye chakula. Wali uliopikwa ni maji kwa thuluthi mbili na zaidi. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu hivi. Tikiti linafika asilimia 91 au 92, embe asilimia 83, tango 95. Anayekula wali kwa mchuzi wa nazi mchana na kumalizia kwa embe amekwisha kunywa bila kushika gilasi. Anayeshindia mahamri na viazi karai hana akiba hiyo, kwa hiyo anywe zaidi.

Kama chai ni maji, kwa nini nisinywe chai tu?

Kwa sababu ya sukari. Hapa ndipo ningependa tuzungumze kwa urefu, kwa kuwa naona madhara yake katika nyumba nyingi mno.

Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Chai yetu ya pwani kutiwa vijiko vitatu kwa kikombe si ajabu. Vikombe vitano kwa siku vitakuwa gramu 60. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, yaani gramu 50 kwa mtu anayetumia kalori 2,000, na likasema gramu 25 ni bora zaidi. Kwa hiyo mnywaji wa vikombe vitano ameshavuka mpaka kwa chai peke yake, kabla ya kaimati, haluwa, tende na soda ya jioni. Maji ameyapata, lakini kila gilasi yake ya maji imekuja na mzigo wa sukari. Ukiwa na wazazi wenye kisukari, mzigo huo haukufai.

Sisemi chai iachwe. Punguza nusu kijiko, kaa hivyo wiki moja au mbili mpaka ulimi uzoee, kisha punguza tena. Iliki, mdalasini na tangawizi hufanya chai iwe na ladha hata sukari ikipungua, na chai ya viungo iliyochemka vizuri haiombi vijiko vitatu. Wenye nyumba nao wasaidie: sukari iwekwe kando katika bakuli lake, mgeni ajitilie mwenyewe. Wagonjwa wengi wa kisukari hunywa chai tamu ugenini kwa sababu wanaona haya kuirudisha. Kumtengea mgeni sukari ni heshima kubwa kwake.

Soda, na juisi za ukwaju, mabuyu na embe?

Maji yamo, yanahesabiwa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na kitu, yaani vijiko saba au vinane. Juisi ya ukwaju au ya mabuyu ya nyumbani unaweza kuitawala mwenyewe, ile ya dukani huwezi. Maji ya ndimu yasiyo na sukari ni mazuri sana wakati wa joto.

Madafu je? Yanashinda maji?

Dafu ni maji kwa asilimia 95 hivi, lina madini mengi ya potasiamu, na sukari yake ni ya kiasi. Kwa mtu aliyetoka juani ni kinywaji chema, kwangu mimi bora kuliko soda yoyote. Ila sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi kwa jasho na kwa kuhara, kwa hiyo dafu si dawa ya kuhara. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu asilinywe bila kumwuliza daktari wake.

Na maziwa?

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilinganisha vinywaji 13 kwa wanaume 72, wakapima maji yaliyobaki mwilini baada ya saa chache. Maziwa yalibaki mwilini kuliko maji matupu, kwa kuwa protini, mafuta na chumvi zake huyachelewesha. Chai, kahawa na soda havikutofautiana na maji. Uji mwepesi wa maziwa, basi, unamfaa sana mtu dhaifu asiye na hamu ya kula.

Bibi yetu hanywi chochote ila chai ya asubuhi na kahawa ya jioni. Tufanye nini?

Wasiwasi wenu una haki. Kwa kijana, kiu ni kipimo kizuri, hushtuka mapema kabla mwili haujaumia. Kwa mtu mzima sana kiu hufifia, na figo zake hazibani maji kama zamani. Anaweza kupungukiwa na maji na asione kiu kabisa. Dalili zake hupewa majina mengine: choo kigumu, kizunguzungu akisimama, kuanguka, kuchanganyikiwa ghafla na kutotambua watu. Familia hudhani ni uzee, kumbe ni maji. Kama anatumia zile dawa za presha zinazomfanya akojoe, hatari inaongezeka.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee hawaitaji kwa sababu ya haya. Nyumba zetu za mawe zina ngazi ndefu na nyembamba, na pengine choo hakiko karibu na chumba cha kulala. Mzee mwenye magoti mabovu hupunguza kunywa kwa makusudi ili asiamke usiku. Ukimlazimisha maji bila kuiondoa sababu hiyo, atakubali mbele yako na kuyamwaga ukiondoka. Mhamishieni kitanda karibu na choo, au mwekeeni chombo chumbani, na taa iwake. Vinywaji vingi apewe tangu asubuhi hadi alasiri, na baada ya isha apunguziwe.

Kisha mpeni anachokipenda. Kama ni chai, iwe chai, laini, sukari kidogo, kikombe kidogo kidogo kila mmoja wenu anapopita. Supu ya samaki, uji, tikiti, embe lililokatwa: vyote vimo. Ugomvi wa "Bibi, kunywa maji" hauna haja.

Mwezi wa Ramadhani, chai ya daku inaleta kiu mchana?

Chai yenyewe hapana. Kinacholeta kiu ni papa mkavu na ng'onda, achari, na vitu vitamu kupita kiasi. Hapa karibu na ikweta saumu ni ya saa 13 na ushei kila mwaka, na mtu mzima mwenye afya huzimudu akinywa vizuri usiku. Usinywe maji yote wakati wa daku, kwa kuwa figo zitayatoa asubuhi. Anza na tende na maji, kunywa uji wa futari, kisha gilasi moja moja kati ya tarawehe na kulala, na mwisho daku. Anayeumwa kichwa siku za kwanza mara nyingi ameikosa kafeini aliyoizoea asubuhi, basi apunguze kahawa wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nikiyachemshia chai yanakuwa mazuri?

Kuchemsha huua vijidudu, kikiwemo cha kipindupindu, na kwa hilo chai iliyochemka ni salama kuliko maji ya kisima yasiyochemshwa. Chumvi haitoki kwa kuchemsha. Mvuke ukitoka, inayobaki ni ile ile ndani ya maji machache zaidi. Katika pwani ya Bangladesh watafiti waliyahusisha maji ya kunywa yenye chumvi na presha ya wajawazito, kwa hiyo mwenye presha na mwenye mimba watengewe maji ya kunywa yasiyo na chumvi, yawe ya mvua kutoka kwenye jabia (hodhi la maji ya mvua) au tangi yakachemshwa, au yale ya visima vya michanga ya Shela. Ya kisima cha chumvi yafulie.

Nikisafiri kwa mashua kwenda Faza au Kizingitini sinywi kitu, maana chomboni hakuna pa kujisitiri. Nina madhara?

Safari moja haitakudhuru kama umekunywa kabla na utakunywa ukishuka. Anayefanya hivyo kila wiki, na hasa mwanamke anayesumbuliwa na maumivu ya mkojo, ndiye wa kuangaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata kwa mwaka mzima wanawake 140 waliokuwa wakikunywa kidogo na kupata maambukizo ya kibofu mara kwa mara. Walioongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7, na wenzao mara 3.2. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua.

Chai na chakula pamoja, ni kweli inapunguza damu?

Kuna ukweli. Chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, maharagwe na mbaazi yasifyonzwe. Mwenye damu ya kutosha hatadhurika. Mjamzito, msichana mwenye hedhi nzito na mtoto mdogo waiache saa moja hivi kabla na baada ya chakula. Mbaazi za nazi za asubuhi zishushiwe maji ya ndimu au chungwa, ambayo husaidia chuma kuingia, na chai ije baadaye.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga?

Mjamzito anaongeza mililita 300 kwa siku, anayenyonyesha 700. Kafeini kwa wote wawili isizidi miligramu 200, yaani vikombe vitatu au vinne vya chai ya kawaida. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji wala chai, hata katika joto la Machi. Maziwa ya mama ni maji yake. Tafadhali, nyanya na mashangazi mnaompenda, msimpe.

Na tembo la mnazi?

Halihesabiwi. Pombe huizima homoni inayoziambia figo zibane maji.

Je, maji yanaweza kuzidi?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walikutwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi, na wengi walikuwa wamekunywa kupindukia njiani. Mtu asijishindilie lita baada ya lita kwa sababu amesikia maji husafisha mwili. Na anayekunywa sana, anakojoa sana na kiu haiishi akapime sukari.

Daktari amempangia baba lita moja na nusu tu kwa siku kwa sababu ya moyo. Chai anaihesabu?

Anaihesabu yote. Wengi huyapima maji ya gilasi kwa uangalifu, kisha wanaongeza chai tatu, bakuli la uji, supu na dafu bila kuhesabu, miguu ikavimba na pumzi ikabana, wasijue kwa nini. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi. Kila akinywa chai ya kikombe, mimina kikombe kama hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha.

Mtoto anahara. Nimpe chai ya mkandaa kama walivyofanya wazee?

Hapana, si kwa kutibu. Anayehara anapoteza maji pamoja na chumvi, na chai haina chumvi ya kutosha kumrudishia. Soda na juisi tamu huzidisha kuhara. Mpe maji ya chumvi-sukari ya paketi yanayotolewa kliniki, uyachanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, usipunguze wala kuzidisha. Wa chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, mkubwa kuliko huyo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, choo kina damu au hawezi kunywa, usingoje asubuhi. Mpeleke usiku huo huo, na kama mko visiwani tafuteni chombo mapema.